Ujira wa Mfano, Ujira wa Kutosha

Alfajiri katika Mji wa Kale wa Mombasa, kabla milango ya Ndia Kuu haijafunguliwa, husikika fagio la njiti likikwaruza barabara. Siku moja nilisimama kumtazama mama mmoja aliyekuwa akikusanya taka karibu na njia ya kushukia Bandari ya Kale. Alivaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye utepe unaong'aa, na kiunoni alijifunga leso. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza ameajiriwa na nani. Akajibu upesi kwamba ni serikali. Kisha akaegemea fagio, akajisahihisha: "Si serikali khasa. Ni mwenye tenda. Serikali yampa yeye, naye atupa sisi."

Jibu lake limenikaa moyoni kwa sababu ndani yake mna watu watatu: mwenye kazi, mwenye tenda na mwenye fagio. Wawili wa mwisho huonana kila siku. Wa kwanza, ambaye ndiye mwenye fedha, haonekani. Kazi ya umma inapopita katika mkono wa mtu wa kati, ni nani wa kuhakikisha kwamba ujira unaomfikia mfanyakazi ni wa haki? Swali hili limeulizwa katika miji mingi, na majibu yake yana nasaba mbili. Nasaba ya kwanza hupima ujira wa mtu kwa ujira wa mwenzake afanyaye kazi kama yake. Ya pili huupima kwa sufuria: je, fedha hizi zinamlisha, zinamvisha na kumlaza yeye na watu wake? Kipimo cha kwanza nitakiita ujira wa mfano, cha pili ujira wa kutosha. Mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo, na tofauti yao ina uzito mkubwa kwa mji kama Mombasa.

Nianze na London, si kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kufikiri, bali kwa kuwa iliandika mapema. Tarehe 13 Februari 1891 Baraza la Makabwela la Bunge la Uingereza lilipitisha azimio lililoletwa na Sydney Buxton: mkandarasi wa serikali awalipe watu wake ujira unaokubalika kwa kawaida katika fani yao. Wakati ule zabuni zilikuwa zikishushwa bei kwa kupeana kazi ngazi kwa ngazi, mkandarasi akimpa mdogo wake, naye akimpa mdogo zaidi, hata anayefika mwisho wa ngazi akawa anashona sare za askari kwa senti. Azimio halikuuliza mshonaji anakula nini. Liliuliza mshonaji mwenzake wa ng'ambo ya barabara, anayefanya kazi kwa mwajiri muungwana, analipwa kiasi gani. Hicho ndicho kipimo cha mfano, na nguvu yake ni kwamba hakihitaji mtaalamu wa hesabu: mfano wenyewe upo, unaishi mtaani.

Azimio hilo lilifanywa upya mwaka 1909 na tena 1946. Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani likachukua wazo lake na kulifanya Mkataba Namba 94, unaohusu vifungu vya kazi katika kandarasi za umma. Mkataba unataka mambo ambayo fundi yeyote atayaelewa. Ujira, saa na masharti ya kazi visiwe duni kuliko vile vilivyowekwa, kwa makubaliano ya vyama vya wafanyakazi au kwa sheria, kwa kazi ya aina hiyo hiyo katika wilaya hiyo hiyo. Mkandarasi mdogo anayepewa kipande cha kazi naye abanwe vile vile. Tangazo la masharti libandikwe mahali pa kazi panapoonekana. Na anayevunja azuiliwe malipo, au anyimwe kandarasi nyingine.

Tanganyika iliuridhia mkataba huo mwaka 1962, Uganda 1963, Kenya 1964. Uingereza yenyewe, katika zama za Margaret Thatcher, ilijitoa katika mkataba mwaka 1982, na mwaka uliofuata azimio la 1891 na warithi wake likafutwa. Hoja ya serikali ile ilikuwa kwamba soko liachwe lipange bei ya kazi. Basi waliozaa desturi hii waliitupa, nasi tuliorithishwa tungali tumeifunga kabatini.

Aliyesoma mlango wa ijara katika fiqhi ya Shafi, ambayo ndiyo iliyolea pwani hii, atakuwa ameshatambua sura inayofanana. Fiqhi inataka ujira ujulikane kabla kazi haijaanza. Mapatano yakibatilika na kazi imekwisha kufanywa, mfanyakazi hatoki mikono mitupu. Hupewa ujratul-mithli, yaani ujira wa mfano, ule ambao kwa desturi ya mahali pale hulipwa mtu wa kazi kama ile. Istilahi yangu nimeitoa humo. Fani ile ile, wilaya ile ile, desturi ya watu waadilifu: wanasheria wa Geneva na wanazuoni wa madrasa wangeweza kuketi kibarazani wakaelewana kwa muda mrefu.

Lakini wangefika mahali wakaachana. Katika fiqhi, ujira wa mfano ni tiba ya mapatano yaliyoharibika. Mapatano yakiwa mazima na pande zote zimeridhia, kiasi walichokubaliana ndicho kinachosimama, hata kikiwa kidogo, kwa sababu ridhaa ya mtu mzima ina heshima yake. Mkataba wa 1949 unaishuku ridhaa hiyo. Unamtazama mtu mwenye njaa aliyekubali kidogo na kusema kwamba kukubali kwake hakutoshi, maadamu fedha ni za umma. Mila ya kwanza inalinda neno la mtu. Ya pili inamlinda mtu dhidi ya neno alilolazimishwa na shida. Sioni haja ya kuitukuza moja kwa kuishusha nyingine. Ni hofu mbili tofauti, na kila moja ina sababu.

Na haingekuwa haki kuiacha fiqhi hapo, kwa maana nasaba ya pili nayo imo ndani yake. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud mna riwaya kuhusu mtu anayeifanyia dola kazi: kama hana mke na apate cha kumwezesha kuoa, kama hana mtumishi apate mtumishi, kama hana makazi apate makazi, akichukua zaidi ya hapo amefanya hiana. Hapo hakuna mwenzake wa kulinganishwa naye. Kipimo ni nyumba. Riwaya inamzungumzia mtumishi wa dola mwenyewe, si kibarua wa mkandarasi, na kama hukumu yaweza kuvutwa kutoka kwa yule hadi kwa huyu ni kazi ya wanazuoni. Ninachosema ni hiki tu: wazo kwamba anayefanya kazi ya umma apimiwe kwa haja za nyumba yake halikuja Mombasa kwa meli ya Wazungu.

Ila anayedhulumiwa ujira Mombasa leo hapeleki kesi yake kwa kadhi. Katiba ya Kenya, ibara ya 170, imeiwekea mahakama ya kadhi mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi. Kesi za ujira zina mahakama yake, ile ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Yale ya msikitini yanabaki kuwa nguvu ya dhamira, na sio nguvu ndogo katika mji ambao kila mtoto wa chuoni amefunzwa kwamba kibarua alipwe jasho lake halijakauka.

Sasa tuvuke bahari hadi Baltimore, bandari kama Mombasa, yenye maghala yake ya zamani na ufuo uliokarabatiwa kwa fedha za umma ili kuvuta watalii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachungaji wa makanisa ya watu weusi waligundua jambo katika vyumba vyao vya kugawia chakula: waliopanga foleni hawakuwa wasio na kazi tu. Walikuwamo wafagizi na wahudumu walioajiriwa, wengine na wakandarasi wa jiji. Kodi ilikuwa inamlipa mkandarasi, kisha sadaka ya kanisa inajaziliza pengo la ujira. Muungano wao wa BUILD, pamoja na chama cha wafanyakazi wa umma cha AFSCME, ulilishinikiza jiji, na Desemba 1994, chini ya Meya Kurt Schmoke, sheria ikapita. Kima cha chini cha taifa kilikuwa dola 4.25 kwa saa. Mkandarasi wa jiji alitakiwa aanze na dola 6.10, na kupanda hatua kwa hatua hadi 7.70.

Tofauti yake na azimio la 1891 ni ya mzizi. Baltimore haikuuliza mfagizi mwenzake analipwa kiasi gani, kwa kuwa jibu lilijulikana: mwenzake naye yuko kwenye foleni ile ile ya chakula. Ujira wa mfano hufaa pale penye mifano mizuri. Fani nzima ikishuka, kulinganisha mtu na mwenzake ni kuwalinganisha waliozama. Ndipo watu wa Baltimore wakageukia sufuria: familia inahitaji kiasi gani ili isishuke chini ya mstari wa umaskini?

London nayo ilifika huko kwa njia yake. Mwaka 2001, miaka kumi na minane tangu azimio lake lifutwe, makanisa, misikiti na shule za London Mashariki zilizoungana katika TELCO zilianza kampeni ya mshahara wa kujikimu, zikiwatetea wafagizi wa hospitali na wa maofisi makubwa, wengi wao wahamiaji, Waafrika wakiwemo. Huko hesabu hufanywa kwa kikapu cha mahitaji ya familia, na kiwango hutangazwa upya kila mwaka. Cha mwishoni mwa 2024 kilikuwa pauni 13.85 kwa saa kwa jiji la London. Baltimore ililazimisha kwa sheria, London ikabembeleza kwa heshima: mwajiri akikubali, hupewa nembo ya kujivunia. Njia ya Baltimore hubana wachache kwa nguvu. Ya London hugusa wengi, lakini asiyetaka hashikiki. Na Seattle, ambayo ni mji dada wa Mombasa tangu 1981, ilichukua njia ya tatu: mwaka 2014 baraza lake liliamua kima cha dola 15 kwa saa kifikiwe kwa awamu na waajiri wote, si wakandarasi peke yao. Mji jirani wa SeaTac, penye uwanja wa ndege wanakofanya kazi watu wengi wa Afrika Mashariki, ulikuwa umepiga kura ya namna hiyo mwaka uliotangulia.

Nimesikia ikisemwa, hata na wasomi, kwamba ujira wa kutosha ni wazo la kuagizwa kutoka ng'ambo. Anayesema hivyo hajasoma historia ya kisiwa anachokanyaga.

Neno lenyewe kibarua lina ushahidi. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe wakati wa kulipwa. Katika karne ya 19 vibarua wengi wa pwani hii walikuwa watumwa waliokodishwa: mwenye kazi alilipa, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Utumwa haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1907, yaani reli ya Uganda, iliyoanzia hapa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa imeshafika ziwani. Mkandarasi wa leo si bwana wa watumwa, na kuwafananisha kungekuwa dhuluma kwa wote wawili, hasa kwa waliokuwa watumwa. Lakini umbo la watu watatu ni la zamani hapa, na lugha imelitunza: mwenye kazi, mtu wa kati, na mwenye kikaratasi. Angalia pia kwamba mshahara, katika asili yake ya Kiarabu, ni malipo ya mwezi, na ujira ni malipo ya kazi. Kupanda kutoka ujira hadi mshahara ilikuwa ni kupata hakika ya kesho, na Mombasa ilipigania hakika hiyo kwa miongo mingi.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ulisimama. Watu karibu 15,000 waliacha kazi: makuli wa Kilindini, wafanyakazi wa reli, wa hoteli, wa majumbani, na wa serikali yenyewe. Kwa muda wa siku kumi na mbili hivi walikutana katika uwanja waliouita Kiembeni, upande wa Majengo, wakajipangia mambo yao, na kutoka humo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation, ambacho Chege Kibachia alikuwa sauti yake. Eliud Mathu, aliyekuwa mjumbe Mwafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi warudi kazini, na serikali ikaunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Ransley Thacker, yule yule ambaye baadaye angemhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria. Agosti ya mwaka huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kuzuiliwa Baringo.

Yatazame malalamiko yao. La kwanza lilikuwa kwamba Mwafrika halipwi sawa na mtu wa rangi nyingine anayefanya kazi ile ile. Huo ni ujira wa mfano, umesemwa bila kumung'unya. Lakini walilalamika pia kwamba hakuna posho ya mke na watoto, na kwamba gharama za maisha zilizopanda hazizingatiwi. Huo ni ujira wa kutosha. Watu wa Kiembeni walishika vipimo vyote viwili kwa mkono mmoja, miaka 47 kabla ya Baltimore, na hawakuona mgongano wowote. Katika mifano yote niliyoitaja, sijui mwingine ambao vipimo hivyo vilidaiwa pamoja na watu wenyewe waliopungukiwa, badala ya wabunge, wachungaji au wanazuoni kwa niaba yao.

Serikali ya kikoloni ilichukua miaka saba kuwajibu. Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi, na karibu robo ya wale wa utumishi wa umma, walilipwa chini ya haja za msingi za afya, heshima na nguvu za kazi. Hadi hapo kima cha chini kilikuwa kimehesabiwa kwa kapera, kana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba la mbali. Kamati ikashauri kima cha familia, mara mbili na nusu ya kile cha kapera, kifikiwe kwa awamu. Machi 1955 makuli waligoma tena, na Tom Mboya akaja kusimamia mazungumzo yaliyowaletea nyongeza ya asilimia 33. Kwa hiyo hoja ya sufuria ilishawahi kuandikwa katika ripoti ya serikali, kwa nambari, na chanzo chake kikubwa kilikuwa kisiwa hiki.

Tuje kwenye sheria ya leo, ambayo ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Ibara ya 227, inayohusu ununuzi wa umma, inataka sheria iweke adhabu kwa waliokwepa kodi, kwa mafisadi, na kwa waliovunja vibaya sheria za ajira ya haki. Wote watatu wamewekwa mstari mmoja. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 55, inamfungia mlango wa zabuni aliye na hatia ya kuvunja sheria hizo za ajira. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamgeuza kibarua aliyeendelea na kazi zaidi ya mwezi kuwa mwajiriwa wa kudumu zaidi, mwenye haki zake. Hakuna jiji kati ya hayo niliyoyataja lililo na katiba inayomweka mnyimaji ujira kando ya mla rushwa.

Ila kaunti haiwezi kufanya ilichofanya Seattle. Jedwali la Nne la Katiba limeviweka viwango vya kazi katika mikono ya serikali ya kitaifa, nayo ndiyo hutangaza kima cha chini katika gazeti rasmi. Kwa amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida, na amri inamtaja mfagizi kwa jina la kazi yake, hustahili shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika Nairobi, Mombasa na miji mingine mikubwa. Juu yake kuna asilimia 15 ya nyumba, jumla 18,530.81. Ukiondoa asilimia 6 ya hazina ya uzeeni, 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba za bei nafuu, mama wa Ndia Kuu anastahili kubakiwa na shilingi kama 16,630 mkononi. Humo mna kodi ya chumba, unga, mafuta ya taa au gesi, nauli ya matatu, na karo. Kama ni ujira wa kutosha, msomaji anayenunua vitu Marikiti anaweza kujijibu.

Lakini hata kiasi hicho hakifiki kila mahali, na sababu imo katika hesabu za zabuni. Sheria humpa ushindi aliye na bei ya chini zaidi baada ya tathmini. Kwa mkandarasi wa barabara, bei inaweza kushuka kwa mashine bora au saruji iliyonunuliwa kwa wingi. Kwa mkandarasi wa usafi au wa ulinzi, gharama karibu yote ni watu. Chukua kazi ya wafagizi ishirini. Kila mmoja anamgharimu mwajiri shilingi 18,530.81, pamoja na mchango wa mwajiri wa uzeeni na wa nyumba, jumla kama 19,920. Zidisha kwa ishirini: takriban 398,400 kwa mwezi, kabla ya kununua fagio moja, kabla ya faida ya shilingi moja. Zabuni ya kazi hiyo inayotaja 300,000 haisemi kwamba mkandarasi huyu ni hodari. Inasema kuna mtu hatalipwa. Aliyekaa katika kamati ya tathmini anaweza kuliona hilo kwa kalamu na bahasha kuukuu.

Na mkandarasi naye asikilizwe. Asilimia 30 ya zabuni za umma hutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Wengi wao hawana akiba. Huchukua mkopo ili walipe watu, kisha wakangoja malipo ya serikali miezi, wengine miaka. Malimbikizo ya madeni ya kaunti kwa wakandarasi hutajwa katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti mwaka hadi mwaka. Mtu hawezi kutoa maji kwenye mtungi ambao haukujazwa. Hadithi ya jasho lisilokauka inamhusu mwenye kazi kabla ya kumhusu mwenye tenda.

Kuna njia nyingine duniani, na si zote za kuigwa. Uganda ina kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984 na hakijabadilishwa kisheria. Bei zimekimbia, kima kimebaki kama jiwe la mpaka wa shamba lililouzwa zamani. Oman iliweka rial 325 kwa mwezi mwaka 2013, kwa raia wake tu. Qatar, kuanzia Machi 2021, imeweka riyal 1,000 kwa wote bila kujali uraia, na nyongeza ya chakula na malazi kwa asiyepewa na mwajiri. Vijana wa Mombasa wanaokwenda Ghuba kufanya kazi ya ulinzi na usafi huijua tofauti hiyo kuliko mwanasheria yeyote. Oman inauliza wewe ni nani. Qatar, angalau katika maandishi, inauliza umefanya kazi gani. Hapo tena kuna mila mbili za kumtazama mtu.

Nikirudi nyumbani naona mlango mmoja ambao haujafungwa. Kaunti haiwezi kutunga kima cha mshahara, lakini kaunti ni mnunuzi. Baltimore nayo ilisimama kama mnunuzi: jiji lilijiambia kwamba kazi linayoinunua haitakuwa ya aina ile. Mnunuzi ana haki ya kusema anataka samaki mbichi, na ana haki ya kusema anataka usafi uliofanywa na watu waliolipwa. Hati za zabuni za Mombasa zingeweza kutaka orodha ya mishahara iambatishwe na kila dai la malipo. Zingeweza kuitupa bei iliyo chini ya gharama halali ya watu, kama nilivyoipiga hapo juu. Zingeweza kutoa alama za ziada kwa anayelipa zaidi ya kima, huo ukiwa mwanzo wa kukaribia ujira wa kutosha kwa idhini ya sheria tulizo nazo. Na kaunti ijifunge kumlipa mkandarasi kwa tarehe inayojulikana.

Jambo la mwisho ni dogo, na ndilo ningependa liwe la kwanza. Mkataba wa 1949, tuliouridhia mwaka 1964, unataka tangazo libandikwe mahali pa kazi, likimweleza mfanyakazi haki zake. Nimetembea kutoka Bandari ya Kale, nikapita Ngome ya Yesu hadi viwanja vya ofisi za serikali, nikitazama kuta wanakofanya kazi wafagizi na walinzi wa wenye tenda. Nimeona matangazo ya zabuni, ya mazishi, ya siasa na ya marufuku ya kukojoa. La ujira sijaliona hata moja. Wajumbe wa Bunge la Kaunti, maafisa wa ununuzi, na ninyi mnaosoma haya huku mkijua ofisi gani inafagiwa na nani: tangazo hilo ni karatasi moja. Liandikwe kwa Kiswahili, kiasi kitajwe kwa tarakimu, na libandikwe pale anapoweka fagio lake.